Kompyuta Iliyougua na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu, leo sitaki wasikilizaji, nataka mahakimu.

Kituo kimoja cha afya huko milimani kilikuwa na wanawake watatu. Mwantumu, fundi wa kompyuta, hakushindwa na mashine iliyogoma. Sista Agripina, muuguzi, aliandika daftarini jina la kila mgonjwa na namba ya faili lake, ingawa alishakatazwa, maana hizo ni siri za wagonjwa. Bi Kidawa, mfagiaji, alisifika kwa kuogopa magonjwa: ukipiga chafya tu, anafungua madirisha yote.

Asubuhi moja Mwajabu aliletwa kujifungua kwa upasuaji. Alikuwa na hofu kubwa. Uzazi uliopita, dawa moja ya usingizi ilitaka kumuua, na jina la dawa hiyo hakulikumbuka. Lilikuwa kwenye faili, ndani ya kompyuta.

"Sista, msinichome sindano kabla hamjaliona," alisihi. "Atakayeniokoa, mwanangu nitampa jina lake."

Mara akasikia karani akipiga kelele: mafaili yanapotea! Kompyuta ya pili nayo ikaanza. Mwantumu akaja mbio, akatazama.

"Ni virusi. Jana nilichomeka hapa flashi yangu ya picha za harusi. Vilijificha humo, vikajizalisha, sasa vinapita kwenye waya kutoka mashine hadi mashine."

Bi Kidawa alisikia neno moja tu: virusi. Akavaa barakoa na glavu. "Mgonjwa hutengwa!" akafoka, akaung'oa waya. Kompyuta ya tatu, ya chumba cha upasuaji, ikapona.

Lakini hiyo ilifungua mafaili kwa namba tu, na orodha ya namba ilishaliwa na virusi. Mwajabu akaanza kulia. Sista Agripina akachomoa daftari lake mfukoni, akapekua. "Mia nne kumi na saba!"

Kumbe kompyuta, kwa kukatiwa waya, imegoma. Mwantumu akaifungua kwa njia aliyoijua yeye peke yake. Jina la dawa likatokea. Daktari akairudisha taratibu sindano aliyokuwa ameishika. Ilikuwa dawa ileile.

Baada ya upasuaji kwa dawa nyingine, Mwajabu alizinduka, binti yuko kifuani. Karani akaja na kadi. "Jina la mtoto?"

"Usimpe langu," Mwantumu akasema, macho chini. "Ugonjwa niliuleta mimi."

"Wala langu," akasema Bi Kidawa, barakoa bado usoni. "Mie nilikuwa najiokoa mwenyewe."

Sista Agripina akalificha daftari mgongoni.

Mwajabu akaikumbuka ile sindano. Asubuhi ile angepungua mmoja tu kati ya hawa, yeye angekuwa maiti. Karani amesimama na kalamu, anangoja.

Haya, mahakimu: mtoto huyu aitwe nani?