Kikokotoo Kilichounguza Paa la Bi Mwajabu

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu bali zamani hii hii ya betri na nyaya, palikuwa na mwanamke huko Korogwe, Bi Mwajabu, aliyechoshwa na moshi wa kuni. Macho mekundu, kifua kinambana. Akamwambia mumewe, Semhando: "Baba Zaina, wewe na wenzio kila siku mnachezea nyaya. Nitengenezeeni basi jiko la jua, nami nipumue."

Semhando alikuwa na wenzake wawili, Shekiondo na Mngoya. Wote watatu walipenda ufundi wa kujifurahisha: wanafungua redio nzima, wanafunga redio mbovu. Wakakubali. Lakini eti jiko la jua, yaani sinia kubwa la vioo linalokusanya jua kwenye sufuria, halijengeki bila kikokotoo kipya cha kupigia hesabu za pembe zake!

Kazi ya kuchagua akapewa Semhando. Lo! Hiki kina vitufe vichache. Hiki wanacho watoto wa sekondari, yeye ataonekanaje nacho? Kile hakichori grafu. Masika ikapita, vuli ikapita, Bi Mwajabu anapuliza moto, machozi yanamtiririka. Akauliza, "Jamani, mnachagua kikokotoo au mnaposa?"

Mngoya akasema, "Mie ninacho changu cha zamani, kinatosha." Wenzake wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Akanuna.

Mwishowe kikaja kikokotoo cha kuandikiwa programu, na kitabu cha maelezo kinene kuliko chenyewe. Semhando, kwa kujishaua, akakitoa kwenye digrii, kipimo cha pembe tunachokijua sote, akakiweka kwenye radiani. "Wasomi hutumia radiani," alijisemea, wala hakumwambia mtu.

Shekiondo akakiandikia programu ya kutafuta sinia lilale vipi. Akaingiza digrii zake, kikokotoo kikazisoma kama radiani, jibu likaja chini ya sifuri. Mwenye akili angeshtuka. Yeye akaongeza amri moja tu, ya kufuta alama ya kutoa kila itokeapo. Jibu likapendeza.

Aliyelifunga sinia ni Mngoya. Aliona wazi kwamba linatazama makuti ya paa la jikoni, si sufuria. Akakaza nati, akanyamaza, akangoja wenzake waaibike. Na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jua la saa sita likapiga. Sufuria ikabaki baridi, paa likawaka! Bi Mwajabu aliokoa chungu kimoja tu.

"Niliomba kupumua, mmenichomea jiko!" Akalia kwa hasira, kisha akashika shoka. Wanaume wote watatu wakarudi nyuma. Akalitupa miguuni mwao. "Mmoja wenu atanichanjia kuni na kunipikia hapa uani mpaka paa langu lirudi. Mmoja tu! Nikiwaachia watatu, mtakwenda kuchagua shoka."

Semhando akaisoma programu kwenye kikokotoo, akaruka: "Mimi nilichagua tu, mama Zaina! Kikokotoo hakikukosea hata hesabu moja. Mwulize huyu aliyeona jibu bovu akalipaka poda."

Shekiondo akamnyang'anya kikokotoo, akaiona radiani, akafoka: "Ningejuaje? Mumeo alikigeuza kimyakimya akanikabidhi. Na huyu Mngoya, macho yake alimwachia nani?"

Mngoya akasema, "Mimi niliwaambia mapema, wakanicheka. Nikafuata hesabu zao kama walivyotaka wenyewe."

Bi Mwajabu akamtazama. "Na mie, Mngoya, nilikucheka lini?"

Mngoya akalikodolea macho shoka. Hata hivyo shoka hakuliokota, wala wenzake hawakuliokota. Hata mimi ningekuwepo ningewatandika wote, lakini mwenyewe kasema mmoja.

Haya, ninyi mnaocheka hapo, shoka liko chini na watoto wana njaa. Mmoja alijishaua, mmoja akafuta kosa badala ya kulitafuta, mmoja akanuna huku anaona. Je, nani alistahili kuliokota?