Aulizaye Kila Punje Jina

Aulizaye kila punje jina, mvua humkuta uwanjani. Haya, mmeisema, mmecheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Wengine mnadhani ni ya mababu kwa sababu ina punje na mvua ndani yake. Si ya mababu hata kidogo. Aliyeisema mara ya kwanza bado yu hai, anakunywa chai bila sukari na hapendi kuulizwa maswali. Ilizaliwa huku huku Umatengo, katika kijiji cha Lihangwa, na iliyoizaa ni kompyuta. Kaeni basi niwaeleze mwanzo wake, na anayetaka kuchezea simu atoke nje.

Leokadia Ndunguru alikuwa msimamizi wa vichanja vya chama cha wakulima wa kahawa. Vichanja mnavijua, zile meza ndefu za nyavu ambazo kahawa iliyokwisha kumenywa huanikwa juu yake siku kumi au kumi na mbili mpaka ikauke. Vilikuwa kumi na viwili, na juu yake ililala kahawa ya kaya arobaini. Kazi ya Leokadia ilikuwa kusema hii imekauka, ianuliwe. Hii bado, iachwe. Akiwahi mno, kahawa inavunda ghalani. Akichelewa mno, inanyeshewa. Na kahawa iliyokauka ikinyeshewa huota ukungu na kunuka, mnunuzi akiinusa mara moja tu anageuza lori lake.

Kwa miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo kwa meno. Alichukua punje akaiuma. Ikikubali jino, bado, ikigoma, tayari. Hakuna aliyelalamika mpaka mwaka mmoja magunia mawili ya kahawa mbichi yalipopenya ghalani yakaozesha shehena nzima, watu wakaanza kunyosheana vidole. Huyu alisema Leokadia alimpendelea shemeji yake, yule akasema meno yake yamezeeka. Leokadia alipandwa na hasira, akasimama mkutanoni akasema, "Basi tafuteni kitu kisicho na shemeji."

Neno hilo alikuja kulijutia. Chama kikamtafuta Winfrid Kinunda, mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki akajifunza kuandika programu. Alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini kasoro, anayekunja mikono ya shati sawasawa pande zote mbili. Winfrid alifunga kamera juu ya mlingoti katikati ya uwanja. Kamera ingepiga picha ya vichanja vyote kwa pamoja, kompyuta ingelinganisha rangi za picha ile na rangi ya kahawa iliyokauka, kisha ingetoa hukumu isiyo na undugu. Mwaka ule kamati ilikuwa imepanga kununua turubai tano mpya za kufunikia vichanja, maana tano za zamani zilikuwa zimechanika. Ikaahirisha turubai ikanunua kamera. Halafu ikapitishwa kanuni kwamba kichanja hakiguswi mpaka kompyuta iseme, na mkono wa kwanza kunyooshwa juu ulikuwa wa Leokadia.

Bibi Eusebia Kapinga, mzee kuliko wote chamani, aliuliza swali moja tu.

"Hiyo kamera ina meno?"

Watu wakacheka. Leokadia naye alicheka.

Siku ya majaribio Winfrid alipiga picha ndogo ya kahawa iliyowekwa kwenye kisosi. Kompyuta ikafikiri kwa muda wa kunywa kikombe cha uji, kisha ikasema kahawa imekauka, na kweli ilikuwa imekauka. Makofi yakapigwa, wimbo ukaimbwa. Sasa niambieni ninyi mliosoma: kisosi kimoja kikichukua kikombe cha uji, vichanja kumi na viwili vitachukua nini? Watu wote wale, na mwalimu wa hesabu mmoja, hakuna aliyeifanya hesabu hiyo.

Ikafika Novemba, mkupuo wa mwisho wa kahawa uko vichanjani, na mvua za kwanza zinatarajiwa wakati wowote. Asubuhi moja saa mbili, jua limeshakuwa kali, Winfrid alipiga picha akabonyeza kitufe. Leokadia alipita kwenye vichanja kwa mazoea, akatia punje mdomoni, akaiuma. Ikagoma. Akajaribu ya kichanja cha tano, kisha ya kichanja cha tisa, ambako Bibi Eusebia alikuwa ameanika mavuno yake yote ya mwaka. Zote ziligoma. Kahawa ilikuwa tayari, alijua hivyo kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Lakini kanuni ni kanuni, na kanuni hii ilikuwa ya kwake.

Saa tatu alichungulia ofisini. "Bado, mama," Winfrid akamwambia. Saa nne akaambiwa inaendelea vizuri. Saa tano akaambiwa imefika asilimia arobaini na nne, tena kwa furaha, kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa. Wanawake walikuwa wameketi barazani pa ghala na magunia matupu magotini, na kila Leokadia alipotoka ofisini walimtazama usoni, naye hakuwa na uso wa kuwaonyesha. Saa sita mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Nyasa. Bibi Eusebia aliyatazama, akamtazama Leokadia, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulimkera Leokadia kuliko maneno.

Saa saba na nusu aliingia ofisini akavuta kiti akakaa.

"Winfrid."

"Naam, mama."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Mashine yako inafanya nini muda huu?"

"Inauliza rangi, mama. Picha imeundwa kwa vitone vidogo vidogo, laki tatu na elfu saba. Kila kitone kina rangi yake. Programu inakiuliza kimoja, inalinganisha na rangi ya kahawa kavu, kisha inakwenda kwa kinachofuata."

"Na picha yenyewe iko wapi?"

"Imehifadhiwa humo kwenye diski. Programu inaifungua, inauliza kitone, inaifunga."

"Halafu?"

"Halafu inaifungua tena kwa ajili ya kitone kinachofuata."

Leokadia alitamani kupiga kelele, lakini alihisi akianza hatanyamaza mpaka jioni.

"Picha ile ile," akasema. "Unaifungua na kuifunga mara laki tatu na elfu saba."

"Ndivyo nilivyoandika," Winfrid akasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, umewahi kumwona mwanamke akichambua mchele?"

"Nimewahi, mama."

"Anaingia stoo, anachukua punje moja, anafunga mlango, anakwenda kuiuliza wewe ni mchele au ni jiwe, halafu anarudi kufungua mlango achukue ya pili?"

"Hapana."

"Anafanyaje?"

Winfrid alijibu polepole, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Anaumwaga wote kwenye ungo. Anauweka ungo magotini."

"Na jiwe?"

"Jiwe linaonekana lenyewe."

Mkono wake ukapanda kichwani. Leokadia aliliona jambo likimwingia, na hasira yake ikazidi, maana lilikuwa jambo dogo namna ile.

"Niichukue picha yote mara moja," Winfrid akasema, "niishike kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ya kahawa kavu niishike hivyo hivyo. Kisha nizilaze moja juu ya nyingine, nitazame panapotofautiana tu. Mama, ni mistari sita ya kubadilisha!"

"Basi ibadilishe!"

"Lakini imeshafika asilimia themanini na moja. Nikiisimamisha, kazi yote ya tangu asubuhi inapotea. Imebaki saa moja na robo tu."

Ninyi mnaonisikiliza mnaliona jibu, kwa sababu mmekaa pakavu. Leokadia angeweza kuung'oa ule waya ukutani. Angeweza kutoka nje akawaambia wanawake waanue, kanuni ife na yeye afe nayo mkutanoni. Badala yake aliitazama namba ile kwenye kioo, themanini na moja, nayo ikamshika. Mtu aliyesubiri tangu saa mbili huona uchungu kuacha kusubiri, hata anapojua anasubiri upuuzi.

"Haya," akasema. "Saa moja na robo." Na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshajichukia.

Mvua haikumpa hata nusu saa. Mvua ya milima ile haibishi hodi. Ulisikika mvumo kwenye migomba, na kabla mtu hajauliza ni nini, matone yalikuwa yanapiga mabati.

"Anueni!" Leokadia alipiga kelele. "Acheni kanuni, anueni!"

Turubai nzima zilikuwa saba, zikafunika vichanja saba. Vitano vilibaki wazi. Wanawake walichota kahawa kwa ndoo, kwa vitenge, kwa viganja, wakiimwaga kwenye magunia ambayo nayo yalikuwa yanalowa. Kwenye kichanja cha tisa Bibi Eusebia aliona ndoo hazimfikii. Akavua kitenge chake akakitandaza juu ya kahawa, kisha akajilaza juu yake kifudifudi, mikono ameifungua pande zote. Leokadia alimkimbilia akamshika mabega.

"Bibi, inuka, utaugua!"

"Niache, Leokadia," mzee akasema, shavu lake likiwa juu ya nyavu. "Niache nikinge ninachoweza."

Maji yalimpita ubavuni, yakapenya chini yake, yakatoka upande wa pili na rangi ya udongo.

Mvua ilipopungua walijibanza mlangoni pa ofisi, wote wakichuruzika. Ilikuwa karibu saa tisa. Ndipo kompyuta ikalia mlio mwembamba wa kupendeza, kioo kikawa kijani kibichi, na maandishi yakatokea. Winfrid hakutaka kuyasoma.

"Soma," Leokadia akamwambia. "Tumeyasubiri tangu asubuhi."

Winfrid akasoma. "Vichanja vyote kumi na viwili, kahawa imekauka. Inaweza kuanuliwa."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisonya, kirefu. Leokadia aliitazama kompyuta, akatazama uwanja uliojaa maji, akatazama mkono wake wa kulia, ule ulionyooshwa wa kwanza mkutanoni.

"Aulizaye kila punje jina," akasema, "mvua humkuta uwanjani."

Alisema kwa uchungu na hakukusudia itunzwe. Lakini wanawake thelathini walikuwa pale, na ninyi mnawajua wanawake wa Lihangwa. Kufika Jumapili ilikuwa imeshavuka vijiji vitatu.

Kesho yake mchana Winfrid alimwita Leokadia ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu na shati lake limekunjwa mkono mmoja tu. Alikuwa ameibadilisha ile mistari sita. Programu sasa iliichukua picha yote mara moja, ikailaza juu ya picha ya kahawa kavu, na haikung'ang'ania tena rangi zilingane sawasawa, zikikaribiana, ilitosha. Alichagua picha ile ile ya jana, iliyopigwa saa mbili asubuhi, akabonyeza kitufe.

Kioo kikawa kijani. Kahawa imekauka.

"Imechukua muda gani?" Leokadia akauliza.

"Sekunde nne, mama."

Leokadia alitazama nje, uwanjani. Sekunde nne tangu saa mbili asubuhi. Kufika saa nne vichanja vyote vingekuwa vitupu, magunia yako ghalani, na wanawake wako nyumbani wanapika.

"Wangemaliza mapema kabisa," akasema.

"Ndiyo, mama."

Winfrid alitaka kuongeza neno, labda la kuomba radhi, lakini Leokadia alikuwa ameshatoka. Alikwenda mpaka kichanja cha tisa. Harufu ilikuwa imeshaanza, ile harufu ya gunia lililosahauliwa. Bibi Eusebia alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, amejifunga shuka kiunoni, anakohoa. Alichukua punje moja, akaipangusa, akaileta puani, akainusa, kisha akaiweka kulia au akaitupa kushoto. Akachukua nyingine. Rundo la kushoto lilimfika magotini. La kulia lilijaa kikombe.

Leokadia alikuja kumwambia aache, kwamba hata zile za kikombe hazitapokelewa. Hakuweza. Akavuta kigoda akaketi ng'ambo ya kichanja, akachukua punje moja, akaileta puani. Wakafanya hivyo mpaka jua likashuka, punje moja, kisha nyingine, kwa sababu sasa hapakuwa na njia nyingine iliyobaki ya kuuliza.

Basi mkiisema tena, isemeni taratibu, na mkikutana na Bi Leokadia msiiseme mbele yake. Aulizaye kila punje jina, mvua humkuta uwanjani.