Nanaa ya Sheikh Mundhir

Ndugu zangu wapenzi, kisa hiki kila nikikisimulia siwezi kukaa kitako, basi mnisamehe nikipaza sauti. Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bonde moja la Yemeni aliishi mcha Mungu akiitwa Sheikh Mundhir, aliyependa kutoa kuliko kula. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na nanaa! Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini, walimkuta mlangoni na kikapu cha vipande vya mizizi, kila kimoja urefu wa kidole, kimefungwa kwa kitambaa kibichi.

"Chukua," aliwaambia. "Kifukie tu, Mola atakiotesha."

Na kweli kiliota. Subhanallah, nanaa huiombi iote, unaiomba iache!

Sasa sikilizeni. Yeye mwenyewe nanaa yake aliipanda ndani ya birika la mawe, mizizi isipate pa kutorokea. Tabia yake aliijua vizuri. Lakini wapokeaji hakuwaambia, maana alichelea kwamba mtu akizisikia aibu za mmea huo atarudisha mkono nyuma, na furaha yake yeye ilikuwa kuiona mikono ikipokea.

Miongoni mwa waliopewa alikuwamo Bi Unaysa, mjane aliyekuwa akilea mayatima saba. Alikuwa na kishamba kimoja cha dengu, na dengu hizo ndizo zilizokuwa futari ya watoto wale mwezi mzima wa Ramadhani. Akakifukia kipande chake pembeni mwa tuta. Miezi haikupita mingi, nanaa ikaziingilia dengu. Akashika jembe, akaikatakata kwa hasira. Masikini mama wa watu! Hakujua kwamba kila kipande cha mzizi kikikatwa huota kivyake. Alikata mzizi mmoja, ikaota kumi. Alivyozidi kulima ndivyo alivyozidi kupanda.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri akamwendea Sheikh, macho mekundu, naye Sheikh amezungukwa na wanafunzi wake.

"Sheikh wangu, niombee dua," akasema. "Nanaa imezisonga dengu zangu zote, na Ramadhani imebaki miezi minne. Watoto nitawafuturisha nini? Nadhani nina dhambi nisiyoijua. Nimefunga, nimeleta toba, na balaa linazidi tu."

Hakumlaumu! Wala halikumpitikia. Zawadi ya Sheikh ilete shari? Sheikh akainua mikono, na wanafunzi wakainua yao, tayari kuitikia amina. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, ndugu zangu. Angeomba dua, angebusiwa mkono, na yule mama angerudi nyumbani kuitafuta dhambi asiyoitenda.

Sheikh akaishusha mikono yake. Uso ulimwiva kwa haya.

"Bi Unaysa, katika jambo hili huna dhambi. Mwenye dhambi ni mimi. Nilijua kwamba nanaa inatambaa, nikakuficha ili uipokee. Yangu nimeizungushia mawe, yako nikaiachia shamba la mayatima."

Mwanafunzi mmoja akamnong'oneza, "Sheikh, watu watakudharau."

"Bora wanidharau mimi kuliko huyu ajidharau bure."

Akaondoka saa ile ile kwenda shambani kwa Bi Unaysa, bila jembe. Akapiga magoti tutani, akawa anaufuata kila mzizi kwa vidole, taratibu, mpaka nchani, usikatike hata kidogo. Siku ya kwanza alimaliza tuta moja tu. Siku ya pili, wakati anaendelea, jirani akasimama ukingoni akijikuna kichwa.

"Sheikh, hata mimi giligilani yangu imekwisha. Niliona haya kukwambia."

"Na mimi!" akadakia mwingine.

"Na mimi!"

Allahu Akbar! Nusu ya mji ilikuwa ikiteseka kimya kwa sababu ya heshima! Wakacheka, Sheikh naye akacheka huku machozi yakimtoka, kisha wote wakapiga magoti pamoja naye. Siku ya kumi na saba kishamba kikawa safi. Kila mtu akaleta kiganja cha mbegu, dengu zikapandwa upya, na mwezi ulipoandama zilikuwa zimeshavunwa. Mayatima wote saba wakafuturu, wakashiba.

Tangu siku aliyokiri kosa lake, Sheikh hakuthubutu tena kubeba kikapu. Ijumaa moja baada ya sala, Bi Unaysa akaja kumbishia hodi.

"Sheikh, nimekuja kuomba kipande cha nanaa."

"Baada ya yote yale, mama?"

"Naam. Mara ya kwanza ulinipa mmea. Safari hii nipe na habari zake."

Basi, ewe ndugu yangu, jiulize ni nani uliyempa kitu ukanyamazia aibu yake, naye sasa anahangaika akidhani kosa ni lake. Nenda kwake leo, kabla hajaja kukuomba dua. Ewe Mola, tujaalie mikono inayotoa, na ndimi zisizobakisha ukweli.