Ukuta Uliosiribwa Mara Kumi na Tisa

Sogeeni karibu, lakini mjue mapema: hadithi hii siimalizi mimi. Kazi yangu ni kuifikisha mlangoni, kuiingiza ndani ni kazi yenu. Msije mkasema baadaye kwamba sikuwaambia.

Walikuwapo wanawake watatu wa nyumba moja, upande wa Rungwe, kule ambako ukungu hukaa migombani mpaka saa nne asubuhi. Mama aliitwa Atuganile. Binti yake mkubwa aliitwa Tusekile, na mdogo aliitwa Anyisile. Mama alijaliwa mikono ya udongo, hapakuwa na mwanamke kijijini aliyejua kusiriba ukuta kama yeye. Tusekile alijaliwa kumbukumbu. Jambo likipita mbele yake halimtoki tena. Anyisile alijaliwa jicho na mkono wa kuchora. Mtasema walibarikiwa. Subirini kwanza.

Nianze na mama. Mume wake, Angolile, alikuwa akimpiga. Sitalipamba neno hilo. Alimpiga sebuleni, na ukuta wa sebuleni ukabaki na alama, mara udongo umebanduka, mara pana damu. Asubuhi yake Atuganile hujifunga kanga, huteremka bondeni kuchimba udongo, mweupe au mwekundu au wa kijivu, akausiriba ukuta wote upya. Mwisho hupanga juu ya mlango mstari wa vidoti vyeusi, akivipiga kwa ncha ya kidole, kwa mpango ambao ni wake peke yake. Majirani walipopita walimsifu. Walisema mke wa Angolile ni msafi, kila mara nyumba yake ni mpya, na wanaume wengine waliwasimanga wake zao kwa mfano wake. Kijiji kizima kilifanya kosa hilo, na wengi wao wapo hai hadi leo na Jumapili wanakaa viti vya mbele kanisani.

Tusekile naye. Alipofika miaka kumi na miwili alijitia katikati, kati ya baba na mama, na fimbo ikampata yeye. Mkono wake wa kushoto ulivunjika ukaungwa vibaya, na mpaka leo hauinuki kupita bega. Lakini si mkono tu aliotoa. Kila mara ukuta uliposiribwa, yeye alijua sababu, na hakuisahau. Wa kijivu ni mwaka wa mvua ya mawe, kisa chumvi kuzidi. Mwekundu wa pili ni siku ya kipaimara chake, kisa hakuna kisa. Alihesabu mara kumi na tisa, na kila moja ina siku yake kichwani mwake.

Anyisile alikuwa mdogo mno kujitia katikati ya wakubwa. Kazi yake ilikuwa kushika beseni la udongo mama akisiriba. Akashika, akatazama. Alimwona mama kwa nyuma tu, maana siku hizo mama hakumgeuzia uso. Alipokua akasomea uchoraji mjini, na huko ndiko balaa lilipoanza. Kila mwanamke aliyemchora aligeuka mgongo. Aliombwa amchore bibi harusi, akamchora mgongo, wenyewe wakakataa kuichukua picha. Mwalimu wake akamwambia ajifunze nyuso. Alijaribu, mkono ukamtetemeka mpaka akaogopa.

Basi, wanawake wa kijiji wakajenga banda la kusubiria kando ya zahanati, mahali pa akina mama wanaoleta watoto kupima uzito. Mwenyekiti wao, Mama Ipyana, akamwomba Anyisile aupambe ukuta. Anyisile hakutaka rangi za dukani. Alikwenda kwa mama yake akamwomba amfundishe kuchanganya udongo. Mama alifurahi, akamfundisha siku tatu, hata hakuuliza ni wa nini. Akaenda kwa dada yake akamwomba amtajie zile siku, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake na rangi zake. Tusekile alimtajia huku akilia. Kisha Anyisile akausiriba ukuta wa banda mara kumi na tisa, kila tabaka likikaukia juu ya jingine. Ulipokauka wote akachukua kisu, akakwangua kutoka juu kwenda chini, hapa kidogo, hapa kwa kina. Akatokea mwanamke aliyegeuka mgongo, kiganja chake ukutani, na katika kila mstari wa mwili wake rangi zote zinaonekana kwa pamoja. Juu yake Anyisile akapiga vile vidoti.

Ilikuwa Jumatatu alipomaliza. Jumanne mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alikaa mbele ya ukuta huo mpaka zahanati ikafungwa. Akamuuliza Anyisile kama huyo mwanamke naye alikuwa anasiriba asubuhi baada ya kupigwa. Anyisile akaitika. Jioni hiyo yule mama hakurudi kwa mumewe, alikwenda kwa wazazi wake.

Jumatano Atuganile akaja kuona kazi ya mwanawe. Aliviona vidoti kabla hajamwona mwanamke. Akasema ukuta usiribwe upya.

Banda lilikuwa lifunguliwe Ijumaa, wageni wameshaalikwa, na kuanzia saa hiyo hakuna aliyekula vizuri katika ukoo ule. Mnielewe: udongo si karatasi kwamba utakunja uweke. Ukipitisha udongo mbichi juu yake, ule wa chini unakunywa maji, unalainika, unakwisha. Picha ikisiribwa imekufa, na haichoreki mara ya pili. Ikiachwa mpaka Ijumaa, kila mwenye umri wa kukumbuka atavijua vile vidoti ni vya nyumba gani, na atajua kwa nini nyumba ile ilisiribwa kila mara.

Alhamisi Mama Ipyana akawaita wote watatu chini ya bati la banda lile. Alikuwa na wasiwasi kuliko wao. Akasema kamati ya banda imemwachia yeye, naye ameamua jambo moja tu: picha ina mwenyewe, na mwenyewe akishajulikana, neno lake ndilo litakalofuatwa.

Atuganile akasema isiribwe. Alieleza kwamba Angolile sasa amepooza upande mmoja, hawezi hata kujigeuza kitandani. Kila asubuhi vijana wa majirani huja kumbeba na kumtoa juani. Wakijua, hawatakuja, naye mikono yake ya uzee haiwezi kumwinua. Zaidi ya hayo alishamsamehe, miaka sita sasa, na msamaha ni wake, haukupigiwa kura. "Mwili uliopigwa ni wangu," alisema. "Udongo ni wangu. Vidoti ni vyangu. Mlichonacho ninyi mmekitoa kwangu."

Tusekile akasema ibaki, tena jina la baba liandikwe chini yake, wazi. Aliinua mkono wake mbovu mpaka ulipoishia. Akasema mama amesamehe cha kwake, lakini mkono huu haukuulizwa. Bila kumbukumbu yake, ukuta ule ungekuwa ukuta uliopakwa vizuri, basi, kama majirani walivyoamini. Yeye alibeba siku kumi na tisa ili wengine waweze kulala.

Anyisile akasema ibaki, ila isiandikwe jina lolote. Vidoti atavifuta akitakiwa. Akawakumbusha yule mama kijana wa Jumanne, akasema wapo wengine watakaokuja na watoto wao na kukaa pale pale. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: kwamba tangu amkwangue mwanamke huyo mkono wake haujatetemeka, na anaogopa, mwanamke huyo akisiribwa, mkono utarudi kutetemeka na safari hii hautaacha.

Mama yake akamgeukia.

"Mwanangu, nilikuwa nasiriba ili ninyi msione."

"Tuliona, mama."

"Yote?"

"Yote. Mimi nilikuwa nimeshika beseni."

Atuganile akakaa chini, pale pale penye vumbi, miguu imenyooka. Akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Basi miaka yote ile nilikuwa nasiriba bure?"

Mama Ipyana, aliyekuwa jirani yao wa pili na aliyewahi kumsifu kwa usafi wake, akageuka akatazama barabara.

Mimi nimefika mlangoni. Ni Alhamisi jioni, kesho wageni wanakuja. Mmoja alipigwa akasiriba, mmoja alisimama katikati akakumbuka, mmoja alitazama akachora, na akiondolewa yeyote kati yao hapana picha. Anayesema isiribwe ndiye aliyeumia zaidi. Wanaosema ibaki ni watoto wake, nao waliumia. Na yuko yule mama kijana aliyekwenda kwa wazazi wake, ambaye hajui kwamba anazungumziwa.

Mama Ipyana anangoja aambiwe mwenyewe ni nani. Je, wewe ungeamua vipi?