Koo Aliyefuta Njia ya Swila

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo ni pakawa ya watu waliokosa chakula cha mchana. Na wewe wa nyuma, usiegemee hizo kuni. Nimesema usiegemee. Utajua kwa nini. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata babu yako akiulizwa anakuna kichwa, palikuwa na mji wa mwanamke mmoja, Bi Kalunde. Mji mdogo. Nyumba, kihenge cha mtama, kibanda cha jiko, basi. Ndani ya jiko, nyuma kabisa, rundo la kuni. Mbele ya kuni, kapu bovu. Ndani ya kapu, Koo.

Koo alikuwa kuku wa mji, na chini yake mayai tisa. Mwaka uliopita mwewe alimmalizia vifaranga wote, hakubakiza hata wa kumlilia. Safari hii Koo akaapa: lazima awalee.

Bi Kalunde alikuwa na desturi yake. Jua likianza kushuka, anafagia uwanja. Fya! Fya! Fya! Anafagia kinyumenyume mpaka mlangoni, anaingia, anafunga. Asubuhi anafungua, anasimama kizingitini, anatazama mchanga kabla mtu hajaukanyaga. Fisi kapita? Anamjua. Mbuzi kachomoka? Anamjua. Uwanja unamwambia kila kitu.

Lakini Koo alikuwa anamtangulia kuamka. Anapenya chini ya mlango wa jiko, huyo uwanjani. Chaku-chaku-chaku! Kushoto, chaku-chaku! Kulia, chaku-chaku! Bi Kalunde akifungua mlango, mchanga wote ni makucha ya kuku.

"Mnaona?" Koo anajisifu. "Kila jioni natandikiwa."

Asubuhi moja akapita Kanga, yule ndege wa porini mwenye madoadoa.

"Dada Koo! Simama! Tazama chini kwanza."

"Nitazame nini?"

"Kuna mistari miwili. Mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Na hakuna alama ya miguu."

Jogoo alikuwa juu ya kihenge. Akacheka mpaka kishungi kikatikisika. "Hiyo ni kamba ya mbuzi imeburutwa! Nyie wa porini mkiona unyasi mnakimbia. Mama watoto, wewe chakura!"

Koo akachakura. Chaku-chaku-chaku! Mistari ikafutika.

Kutoka jikoni kikaja kisauti chembamba. Sssss. Kama chungu kinachotaka kuchemka.

Lakini moto ulikuwa haujawashwa.

Koo akarudi kapuni. Akakaa. Akainuka. Akahesabu. Mayai manane.

Akamfuata Panya chini ya kihenge. "Wewe mwizi, umekula yai langu!"

Panya hakuapa. Hakukimbia. Alikaa tu.

"Jirani, mimi nilikuwa na watoto saba kwenye zile kuni."

"Wako wapi?"

"Nimehamia huku peke yangu."

"Nimekuuliza, wako wapi?"

"Kuna mgeni kule, jirani. Hapigi hodi. Unalala, unasikia kitu kinapita mgongoni mwako. Kinapita. Kinapita. Hakiishi kupita."

"Mwoga!" Koo akacheka. Lakini kicheko kikakatika katikati.

Kesho yake, chaku-chaku-chaku. Sssss. Mayai saba. Keshokutwa, chaku-chaku-chaku. Sssss. Sita. Wewe unayechekacheka, hesabu na wewe. Matano. Manne.

Siku ya sita Koo akachakura mara moja, akasimama, akatega sikio. Kimya. Akachakura tena, chaku-chaku. Ndipo kisauti kikaota maneno.

"Asssante, Koo. Futa, Koo. Hapo mlangoni hujamaliza. Bibi akiamka asssije akaona."

Manyoya yakamsimama. Akageuka. Ndani ya weusi wa jiko, juu ya kapu lake, palikuwa na shingo. Shingo pana kama mwiko. Mdomo ukafunguka, yai likaingia. Kivimbe kikashuka polepole, kikashuka, kikazama gizani.

Swila! Yule atemaye sumu machoni.

"Kokoko-koo! Kokoko-koo!"

Bi Kalunde akatoka mbio na fimbo. Akatazama mchanga. Makucha ya kuku, kila mahali. "Kelele za bure tu, kuku huyu," akasema, akarudi ndani. Na Koo alisimama pale, anatazama miguu yake mwenyewe. Miguu hii! Siku sita inamfagilia njia muuaji wa watoto wake.

Mayai matatu.

Asubuhi ya saba Koo akatoka, akasimama kizingitini pa jiko. Mguu mmoja chini, mmoja juu. Uwanjani mistari miwili, na juu yake kumbikumbi walioanguka, wanene, wanang'aa mafuta. Tumbo likanguruma.

Jogoo akaruka toka kihengeni. "Kumbikumbi!"

Koo akamdonoa kishungi, ta! "Ukikanyaga hapo nakutoa jicho."

"Mama watoto, ni mimi!"

"Hata ungekuwa nani."

Nyuma yake, gizani, kisauti kikaanza. "Koo... mbona sisssikii makucha?"

Koo akaukaza mguu wa chini.

"Yamebaki matatu, Koo. Chakura, nikuachie mawili."

Mawili ni mawili, si ndiyo? Mguu wa juu ukashuka kidogo. Ukashuka tena. Mchanga ulikuwa karibu. Koo akaurudisha mguu juu, akaubana kwenye manyoya, akafumba macho.

Kriii! Mlango wa nyumba. Bi Kalunde akatazama chini. Mistari miwili, yote imeishia mlangoni pa jiko.

Hakupiga kelele. Hakuingiza mkono kwenye kuni, maana hakuwa mjinga kama wengine humu. Alichukua ungo, akaficha uso. Akachukua ufito mrefu wenye ndoano, akasimama mbali, akavuta kuni moja moja. Kwaa. Kwaa. Kwaa.

Swila akainuka. Ptuu! Sumu ikatiririka juu ya ungo. Ptuu! Kisha akateleza, akapita uwanjani, akaingia vichakani.

Siku ile kuni zilihamia nje, juu ya uchaga mbali na nyumba. Mashimo yote ya Panya yakazibwa, na mtama uliomwagika ukazolewa, maana palipo na panya, mwindaji wake hakosi kuja. Mayai matatu yakatotoa. Vifaranga watatu, wazima, wakorofi.

Na tangu hapo, mtazame kuku anapotoka bandani asubuhi. Haanzi kuchakura. Anasimama, anainua mguu mmoja, anainamisha kichwa, anatazama mchanga kwa jicho moja. Anautafuta ule mstari. Wa kwenda aliuona. Wa kurudi bado anausubiri.

Funzo lenyewe ni hili: usikimbilie kukanyaga pako kabla hujapatazama, na mwenzako akikuonyesha alama, usimcheke, huenda unamsaidia adui kujificha.

Hadithi yangu imejikunja hapo, imeishia. Na wewe wa nyuma, bado umeegemea? Inuka. Polepole.