Picha Aliyoisubiri Mzee Chilumba

Tegeni masikio, maana hadithi hii inakwenda mbio, na mimi tangu niisikie sina raha. Ni ya watu watatu wa Mikindani. Sharifa ana jicho kali: akiingia nyumbani kwako anajua kiti kipi kimesogezwa. Dadi ni fundi simu wa sokoni, mwenye mkono mwepesi kuliko mafundi wote pale. Na Bi Somoe, mama yake Sharifa, ana mapaja ya ajabu: mtoto mchanga alie vipi, akipakatwa naye hutulia tuli.

Basi Rukia, mkwe wa Bi Somoe, alijifungua binti. Babu wa mtoto, Mzee Chilumba, mume wa Bi Somoe, alikuwa amelazwa Dar es Salaam, na mwanawe Hamisi, mume wa Rukia, akimuuguza. Jicho moja la mzee lilikwisha kufa zamani. Hilo lililobaki lilikuwa na uvimbe, na madaktari walisema lisipotolewa litamuua. Siku ya kutolewa, Hamisi akapiga simu.

"Mzee anataka kitu kimoja tu, amwone mjukuu wake. Nitumie picha, Rukia. Wanamwingiza chumba cha upasuaji baada ya adhuhuri."

Rukia akapiga picha, ikatoka ukungu mtupu. Akapiga nyingine, uso wa mtoto ukawa kama uji uliomwagika. Akaifuta kamera kwa kanga, akaipuliza, akaizima simu na kuiwasha, wapi. Jua linapanda, Hamisi anapiga tena, mtoto analia na mama yake naye analia.

"Wifi, acha kuifuta, utaimaliza," Sharifa akasema. Akaichukua hadi mlangoni, akaigeuza huku na huku. Kwenye kioo kidogo cha kamera akaona ufa mwembamba kama unywele. Kisha akatazama rafu inapokaa simu hiyo: iko juu kabisa ya chetezo, na Bi Somoe alikuwa akimfukizia mzazi udi kila asubuhi na jioni. "Moshi umeingia ndani. Tunafuta nje, uchafu uko ndani." Bila yeye wangefuta mpaka leo.

Akavaa buibui, mbio mpaka sokoni. Dadi akaitazama simu, akatikisa kichwa.

"Dada, kioo hiki nikikibandua vibaya kamera imekufa. Niachie mpaka kesho, na kioo kipya nitafute."

"Kesho baba yangu hana jicho."

Dadi hakubisha tena. Akawaacha wateja wamesimama, wengine wakimnunia, akapasha kioo moto na kukibandua polepole huku jasho likimtoka. Akafuta masizi kwa pamba na spiriti. Kioo kingine hana, basi akang'oa cha simu yake mwenyewe, iliyokuwa ya aina hiyo hiyo, akakibandika. Akampiga picha paka aliyelala ng'ambo ya barabara, na sharubu zake zote zikaonekana.

Sharifa akarudi mbio. Rukia akapiga picha, na bado ikatoka kivuli kinachotikisika. Chumba kilikuwa giza, mtoto anarusha mikono, na taa ya simu ikimmulika anakunja uso na kufumba macho.

"Simu imepona," Sharifa akasema. "Chumba ndicho kinachoumwa. Mama, tumtoe nje."

Bi Somoe akamfunika mtoto kwa kanga. Madirisha aliyaziba yeye. Mtoto kabla ya arobaini hatolewi nje kutazamwa na kila apitaye, kijicho kisije kikampata. Binti yake wa kwanza, Mwanaidi, alitolewa mapema, na hakumaliza juma. Mmezoea kumcheka bibi kama huyu, lakini kaburi lile alilijua yeye.

Muadhini akaanza kuadhini. Bi Somoe akapiga moyo konde, akambeba mtoto hadi barazani, mbele ya wapita njia, akampakata. Mtoto akatulia, akafumbua macho. Rukia akabonyeza.

Hamisi alisimulia kwamba mzee aliisogeza simu karibu na jicho, akaitazama bila kupepesa mpaka kitanda kilipoanza kusukumwa. "Jina la mjukuu wa kwanza ni haki yangu," alisema. "Nampa haki hiyo aliyenionyesha uso huu."

Hapo ndipo nyumba ilipokosa utulivu. Sharifa, ambaye hajajaliwa mtoto, anataka binti aitwe Sharifa, awe somo wake. Dadi aliposikia akafunga kibanda akaja. Mama yake, Zuhura, alifariki na hakuna aliyepewa jina lake. Bi Somoe anataka aitwe Mwanaidi.

Wakampigia mzee, macho yamefungwa bandeji, awaamulie. "Mimi niliona uso tu," akajibu. "Mikono iliyouleta sikuiona. Amueni wenyewe."

Kesho ni siku ya saba. Nywele zitanyolewa, watu watakaa mkekani, na jina moja litatamkwa sikioni mwa mtoto. Rukia anamnyonyesha na hajui amwiteje.

Haya, mlioketi hapa. Asiniambie mtu kwamba wote wana haki, hilo nalijua, na mtoto hawezi kulala na majina matatu yanayogombana. Nawe unayejifanya kusinzia, nijibu: ungekuwa wewe wa kuinama kwenye sikio lile, ungemwita nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?