Ujumbe kwa Wahusika

Wapendwa, kaeni. Mama pale mlangoni, huku mbele kuna nafasi, njoo, usione haya.

Somo mmelisikia, sitalisoma mara ya pili. Kabla sijalifungua nataka niwape habari ya dada mmoja aliyepewa kazi ya kuchagua, na kuchagua kukamnyima raha. Msihangaike kumtafuta mjini, nimemtunga mwenyewe. Ila mkimwona kwenye kioo cha nyumbani kwenu, msinilaumu mimi.

Tumwite Sekela, maana mfano usio na jina husahaulika kabla hamjafika getini.

Sekela alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika hospitali kubwa ya misheni. Hospitali ile ilikuwa na mifumo mingi: maabara na wake, duka la dawa na wake, wodi na wake, na zahanati kumi na nne za vijijini kila moja na wake. Tatizo ni kwamba mifumo haikusomana. Jibu la damu likitoka maabara, mtu alilazimika kulibeba kwa mkono hadi wodini. Wakati mwingine lilifika, wakati mwingine lilibaki kwenye mfuko wa koti.

Siku moja mganga mkuu akamwita. "Sekela," akasema, "bodi imeamua. Tafuta programu ya kuunganisha mifumo yote hii. Ibebe ujumbe kutoka huku kwenda kule, na ilinde milango ambayo zahanati na watu wa bima wanapitia kuingia kwetu. Una wiki sita."

"Na nikikosea?" Sekela akauliza.

Jibu alilijua mwenyewe. Aliyekaa kwenye kiti kile kabla ya Sekela alichagua vibaya. Dawa za mgonjwa mmoja zikaonekana kwenye jalada la mgonjwa mwingine, na yule bwana akaondoka kwa aibu, hata sherehe ya kumuaga haikuwepo.

Ninyi mnaijua hofu ya namna hiyo? Chakula kinakuwa mdomoni na hakishuki. Mtu anakusalimia unaitikia "nzuri" kabla hajauliza za wapi. Sekela alikuwa hivyo wiki zote sita. Alinunua daftari, akaandika maswali, akayafuta, akayaandika tena. Mume wake akimuuliza habari za kazi anamjibu, "Nikichagua vibaya mtu atakufa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimechagua."

Wauzaji watatu wakaja kuonyesha programu zao. Wakuu wa idara wakakaa kwenye chumba cha mikutano, Sekela mbele. Alikuwa na jaribio moja tu, hakumwambia mtu. Kila muuzaji alipofika katikati ya maonyesho, Sekela alisimama, akaenda ukutani, akachomoa waya wa mtandao.

Wa kwanza alikuwa kijana mtanashati kutoka mjini. Waya ulipotoka, kioo cha kompyuta yake kikaendelea kuandika kwa rangi ya kijani: umetumwa, umetumwa, umetumwa.

"Umetumwa wapi?" Sekela akauliza. "Waya huu hapa mkononi mwangu."

"Dada, kwenye mfumo wetu ujumbe haupotei," yule kijana akasema, huku anatafuta leso.

Wa pili, waya ulipotoka, kila kitu kikaganda. Wakasubiri dakika ishirini. Wakamshukuru, akaenda zake.

Wa tatu alikuwa fundi mtu mzima, mpole, kompyuta yake imekwanguka pembeni. Waya ulipotoka, kioo kikawa chekundu, kengele ikalia, na ule ujumbe ukaenda kukaa peke yake kwenye orodha iliyoandikwa: uliokwama.

"Kwa hiyo ujumbe unaweza usifike?" Sekela akauliza.

"Utakwama, dada," fundi akajibu. "Sitakudanganya. Wodi itabadilishwa jina, umeme utakatika, mtu atakosea herufi moja. Mimi ninachokuahidi ni kwamba haupotei kimya kimya. Ukikwama, programu inaita mtu."

Sekela akarudi kukaa. Kwa mara ya kwanza katika wiki sita, mabega yake yakashuka. Kamati ikamuunga mkono, bodi ikapitisha, na mimi nawaambia, alichagua vizuri. Liwekeni moyoni hilo: dada yule alichagua vizuri sana.

Sasa fundi akaja kufunga programu. Kazi ilichukua siku tisa. Siku ya mwisho akawakusanya wakuu wa idara, akawasha kompyuta, akasema, "Nimebakiza sehemu moja tu. Ujumbe ukikwama, programu imwite nani? Nataka jina moja na namba ya simu."

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Ninyi mnaofanya kazi maofisini mnaijua namna ile ya kutazamana.

Mkuu wa maabara akasema, "Sisi kazi yetu inaisha tukishatuma. Liwe jina la wauguzi."

Matroni akasema, "Wauguzi wanapokea. Kitu ambacho hakijatufikia tutakijuaje? Hiyo ni ya watu wa kompyuta."

Wote wakamgeukia Sekela.

Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kuchomoa waya mbele ya wageni, sasa anaogopa jina lake mwenyewe. Akawaza, nikiandika langu na siku moja kikatokea kitu, nitaulizwa mimi. Akakiona kile kiti cha yule bwana aliyeondoka bila kuagwa.

Akasema, "Andika wahusika."

"Wahusika ni nani?" fundi akauliza.

"Sisi sote hapa. Weka namba zetu zote."

Fundi akamtazama kidogo. Kisha akaandika. Walikuwa watu kumi na mmoja. Wote wakapumua, wakanywa soda, wakapiga picha.

Miezi mitatu ikapita vizuri. Majibu yakafika, zahanati zikapokea, watu wakaizoea programu. Simu za wale kumi na mmoja zililia mara mojamoja: ujumbe umekwama. Siku za mwanzo walikimbia wote, wakakutana mlangoni wakacheka. Baadaye wakaacha kukimbia, kwa sababu kila mara palikuwa na mwingine aliyekwisha kufika. Halafu ikafika mahali kila mmoja akiisikia simu anajisemea, kuna mtu analishughulikia.

Sasa sikilizeni.

Jumanne moja mama kijana, jina lake Atupele, alikuwa amejifungua mtoto wa kike tangu juzi yake. Alfajiri alilalamika kizunguzungu, wakamtoa damu wakaipeleka maabara. Kisha wakamhamishia jengo jipya, lililofunguliwa siku ile ile. Jina la wodi ile mpya lilikuwa halijaingizwa kwenye programu.

Saa mbili na robo asubuhi jibu likatoka. Damu yake ilikuwa imeshuka mno. Alikuwa anavuja ndani kwa ndani, na nje hapaonekani kitu. Maabara wakatuma. Programu ikatafuta wodi, haikuiona. Ikafanya kama fundi alivyoahidi: ikauweka ujumbe kwenye orodha ya uliokwama, ikaita wahusika. Simu kumi na moja zikalia.

Saa ile Sekela alikuwa mbele ya bodi, anapongezwa kwa kuchagua programu nzuri. Simu ikatetemeka mezani. Akasoma: ujumbe umekwama, jibu la damu, hatari. Moyo ukamdunda. Akainua macho, akamwona matroni upande wa pili wa meza naye anaitazama simu yake. Sekela akawaza, ameuona, ni wa wodini kwake, atatoka. Matroni naye akamwona Sekela anasoma. Akawaza, ameuona, ni wa kitengo chake, atatoka.

Wote wawili wakazilaza simu kifudifudi. Mwenyekiti akaendelea kusifu.

Saa tatu. Programu ikaita tena. Saa nne ikaita. Saa tano ikaita.

Kule jengo jipya, Atupele alikuwa na mama mkwe wake, mwanamke wa shambani aliyekuja kulea mjukuu. Hakujua kusoma. Alimpakata mtoto huku anamtazama mkwewe, akaona midomo imekuwa myeupe.

"Nesi," akasema, "mkwe wangu namwita haitiki vizuri."

"Tunasubiri majibu ya damu, mama," nesi akamwambia. Na yule nesi hakuwa mvivu, alikuwa na wagonjwa ishirini na wawili. "Yakifika yataonekana hapa kwenye kompyuta."

"Yanatoka wapi hayo majibu?"

"Maabara."

"Maabara ni wapi?"

Nesi akamwonyesha kwa kidole, ng'ambo ya uwanja. Yule mama akamkabidhi mtoto kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, akajifunga kanga kiunoni, akaenda. Akaingia jengo silo, akapotea, akauliza, akapotea tena, hadi akasimama mbele ya dirisha la maabara.

"Nimefuata majibu ya Atupele."

"Tumeshatuma tangu asubuhi, mama," kijana wa dirishani akamjibu.

"Mmemtumia nani?"

Kijana akafungua mdomo, akakosa jina la kutaja. Akarudi ndani, akaitazama namba iliyokuwa kwenye jibu la Atupele, akashtuka. Akaichapa kwenye karatasi, akachungulia dirishani ili ampe maelezo, lakini yule mama alimnyang'anya karatasi akaondoka nayo mbio. Mbio, wapendwa, mwanamke wa miaka sitini na mbili, katikati ya uwanja wa hospitali, amebeba karatasi asiyoweza kuisoma.

Nesi alipoisoma aliita daktari kwa sauti iliyosikika majengo mawili. Wakamkimbiza Atupele chumba cha upasuaji. Wakamtilia damu chupa sita. Siku nne hakujitambua. Mtoto alinyweshwa maziwa na wanawake wengine. Siku ya tano akafumbua macho, akauliza, "Mtoto amekula?"

Alipona. Najua mlitaka kujua.

Siku hiyo ya tano Sekela akaenda wodini. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alitaka kueleza kwamba programu ilifanya kazi, kwamba jina la wodi lilikuwa halijaingizwa, kwamba utaratibu utarekebishwa. Akamkuta yule mama mkwe anakunja nepi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyechagua ile mashine ya kupeleka majibu. Nimekuja kuwapa pole na kuwaeleza ilivyokuwa."

"Marahaba," mama akasema. Akaendelea kukunja. "Hiyo mashine siku ile iliharibika?"

"Hapana mama. Haikuharibika."

"Ilijua kwamba mkwe wangu anakufa?"

"Ilijua."

"Ikasema?"

"Ilisema, mama. Ilituita watu kumi na mmoja."

Mama akaweka nepi chini. "Na wewe ulikuwa mmoja wao?"

"Nilikuwa mmoja wao."

"Ilikuita mara ngapi?"

Sekela akaonyesha vidole vinne.

"Mimi hakuna aliyeniita," mama akasema. Akachukua nepi nyingine.

Maelezo yote aliyoyaandaa yakamwishia pale pale. Sekela akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akafungua ile sehemu, akafuta neno wahusika. Akaandika jina lake na namba yake ya simu, peke yake. Na nisiwadanganye kwamba hofu ilimwisha. Simu inalia akiwa anakula, inalia akiwa anafua. Inapolia, anasimama.

Wapendwa, sisi ni mafundi wa kuchagua. Tumechagua spika nzuri, sauti inafika mpaka sokoni. Tumechagua kamati ya huduma, ina mwenyekiti, katibu na muhuri. Mtaa huu una kundi kwenye simu, kila mwenye shida anaandika pale na sote tunasoma. Je, tumekosa habari? Kuna mtu humu ndani anaweza kusimama aseme hakuambiwa? Tunaambiwa! Mungu hajashindwa kutufikishia kilio cha mtu hata mara moja. Tunasoma, moyo unashtuka, tunainua macho, tunamwona jirani naye amesoma. Basi tunaandika "poleni sana", tunailaza simu kifudifudi. Tunasema kanisa litakwenda. Tunasema jumuiya itakwenda. Kanisa lina miguu ya nani? Jumuiya inapandaje kilima kama hakuna mtu mmoja aliyevaa viatu vyake?

Mnanitazama kama nawasema ninyi. Ngoja niwasomee kitu.

Hili ni tangazo lililoko ukutani pale nje. "Mzee Ambokile, mshirika wetu, ameanguka na kuvunjika nyonga. Yuko nyumbani peke yake. Washirika wote wanaombwa kumwona." Lina Jumapili tatu pale. Jana nilimuuliza jirani yake ni wangapi wamekwenda. Akaniambia, "Mchungaji, hajaja mtu. Mzee alidhani mmehama."

Tangazo hilo nililiandika mimi. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu. Niliandika "washirika wote", nikabandika, nikaenda kula chakula cha mchana. Na mimi sijakwenda.

Nimelibandua asubuhi hii. Hili hapa. Nimefuta "washirika wote", nimeandika jina langu. Leo saa nane niko kwake. Lakini mzee ni mzito, siwezi kumgeuza peke yangu, nahitaji mtu wa pili, na kalamu ninayo hapa.

Kwaya, msianze kuimba. Nasubiri jina.